Kutoka Ajali hadi Kihatarishi: Historia ya Usalama Kazini katika Nyanda za Njombe

Neno "ajali" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika asili yake maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya kufa ambayo mwanadamu hawezi kuisogeza mbele wala nyuma. Kamusi za zamani za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo kando ya ile iliyozoeleka siku hizi, ya tukio la madhara lisilotazamiwa. Methali isemayo "ajali haina kinga" hupata nguvu yake katika maana ya kwanza. Lakini sheria za usalama kazini zimejengwa juu ya wazo lililo kinyume kabisa: kwamba ajali ina chanzo, kwamba chanzo chaweza kuondolewa, na kwamba yuko mtu aliyepewa wajibu wa kukiondoa. Wazo hilo lilichukua muda mrefu kupata nafasi katika Tanzania, na nyanda za Njombe ni mahali panapofaa kulichunguza.

Yakobi, ambayo leo ni kata katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, yakumbusha kwa jina lake kituo cha Misheni ya Berlin kilichoitwa Jakobi, kilichojengwa katika nchi ya Wabena wakati wa Wadachi na kushambuliwa mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji. Kazi ya kulazimishwa ilikuwa mojawapo ya sababu za vita hivyo. Katika zama za Mwingereza shuruti ilikuja kwa njia nyingine. Kodi ilidai fedha, na fedha ilipatikana mbali. Kwa hiyo Wabena wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Walioandikishwa na mawakala waliitwa "manamba", jina lililotokana na namba aliyopewa kila mmoja wao. Kazi yao ilihesabiwa kwa "kipande", kadi ya siku 30 za kazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, nayo ikajulikana kama SILABU. Maneno haya matatu yaonyesha jinsi mfanyakazi alivyotazamwa: alihesabiwa, aliandikwa, akasafirishwa. Neno la kumkinga halikuwamo.

Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilishughulika zaidi na mkataba na adhabu ya mtu aliyetoroka kazi. Mwaka 1926 ilianzishwa Idara ya Kazi chini ya Meja Orde-Browne, nayo ikaanza kuangalia hali ya makambi, chakula na safari za wafanyakazi. Idara hiyo ilifungwa mwaka 1931, wakati biashara ya dunia ilipoanguka. Yafaa izingatiwe kwamba jicho la Serikali lilifumbwa katika miaka ile ile ambayo mwajiri alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kupunguza gharama. Ikiwa ukaguzi hutegemea neema ya biashara, basi humwacha mfanyakazi anapouhitaji zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ya mshahara ilikuja Njombe kwenyewe. Shirika la Maendeleo ya Makoloni, lililoundwa London mwaka 1948, lilianzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika mwaka 1949. Magome ya miwati yalitolewa tanini ya kutengenezea ngozi, na kazi hiyo ilihitaji misitu, barabara, kiwanda na moto wa kuchemshia. Mbao na chai zikaongeza ajira. Kwa mara ya kwanza Mbena aliweza kukutana na mashine kubwa bila kuondoka katika nchi yake.

Wakati huo huo ilitungwa Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, ambayo ilifuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1937. Iliagiza viwanda viandikishwe, sehemu za mashine zinazozunguka zizungushiwe kinga, na matangi ya mvuke na vyombo vya kunyanyulia mizigo vipimwe kwa vipindi. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini mipaka yake ilikuwa mipaka ya neno "kiwanda". Mtu aliyesimama mbele ya mashine alikuwa ndani ya sheria hiyo, na ndugu yake aliyekata mti msituni ili mashine ile ipate kazi alikuwa nje yake. Tena iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya mkaguzi na meneja. Aliyehatarisha mkono wake aliipata kwa kupokezwa, kama aliipata kabisa.

Mtu akiisha kuumia, kulikuwako sheria ya fidia. Neno hili nalo lina historia: "fidia" ilikuwa mali itolewayo ili kumkomboa mateka. Katika kazi lilipata maana ya malipo ya kiungo au uhai uliopotea. Hata hivyo fidia huja baada ya madhara, na mkono uliokatwa haukombolewi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mambo mawili yalibadilika. Kwanza, sheria ya mwaka 1964 ya ulinzi wa ajira iliweka Kamati za Wafanyakazi, na sauti ya mfanyakazi ikaingia mahali pa kazi kwa mamlaka ya sheria. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliitia nguvu sauti hiyo kwa kuwakemea viongozi wenye kiburi na dharau. Pili, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali yenyewe ikawa mwajiri mkubwa. Hapo pana fundisho kwa wale wanaosifu ushirikiano wa mdhibiti na mwajiri bila masharti. Katika mashirika ya umma wawili hao walikuwa watoto wa nyumba moja, lakini undugu huo peke yake hauzungushii msumeno kinga. Mkaguzi anayemdai mwenzake wa Serikali ahitaji uhuru mkubwa kuliko yule anayemdai mgeni.

Huko nje wazo la ushirikiano lilikuwa likikua. Mapatano ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka 1947, namba 81, yalikuwa yamempa mkaguzi kazi mbili kwa pamoja: kusimamia sheria, na kuwashauri waajiri na wafanyakazi. Uingereza, kwa kufuata taarifa ya kamati ya Lord Robens ya mwaka 1972, ilitunga mwaka 1974 sheria iliyotilia mkazo wajibu wa wale wanaozalisha hatari na wale wanaofanya kazi ndani yake. Marekani, iliyoanzisha idara yake ya usalama kazini kwa sheria ya mwaka 1970, iliongeza mwaka 1982 mpango wa hiari wa kuyatambua makampuni yenye usalama bora.

Tanzania Bara ilianzisha Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, mwaka 2001, na Sheria namba 5 ya mwaka 2003 ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1950. Mpaka wa kale ulivunjwa: shamba na msitu viliingia pamoja na kiwanda. Sheria ilidai pia mahali pa kazi paandikishwe, hatari zipimwe kabla ya madhara, wafanyakazi wapimwe afya, na wawepo wawakilishi wa usalama na afya. Zanzibar ilipata sheria yake mwaka 2005. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake hulipwa na mwajiri. Tangu hapo idadi ya ajali si habari ya mfanyakazi tu. Ni hesabu inayowahusu wote wanaochangia. Baadaye Serikali iliondoa baadhi ya ada zilizowafanya waajiri wamwone mkaguzi kama mtoza ushuru. Hapana shaka mkaguzi asiyeogopwa kwa sababu ya ada husikilizwa vizuri zaidi.

Hata hivyo ushirikiano huu hupimwa mahali padogo kuliko pakubwa. Kampuni yenye ofisi na karani wa usalama huweza kukaa mezani na Serikali. Lakini sehemu kubwa ya mbao za Njombe hupasuliwa kwa mashine ndogo za kuhamishika, ziitwazo "dingdong", ambazo leo ziko katika msitu mmoja na kesho katika mwingine. Mwajiri huyo hana meza, na aghalabu yeye mwenyewe yuko kazini pamoja na vibarua wake. Kwake yeye ushirikiano maana yake ni maneno machache yanayoeleweka: wapi pa kusimama mti unapoanguka, kwa nini mkanda wa mashine ufunikwe, nani azime injini kwanza.

Hapa lugha yawa sehemu ya usalama wenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilikiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kuitangaza lugha ni jambo moja, na kuipatia istilahi ni jingine. Neno "hatari" lilibeba kwa muda mrefu maana mbili, kitu kiwezacho kudhuru na uwezekano wa kudhurika. Istilahi "kihatarishi", inayotumika sasa katika ukaguzi, imejengwa kwa njia ya kawaida ya lugha kutokana na kitenzi "hatarisha", nayo yaonyesha kwa kidole: hiki ndicho kinachohatarisha. Kinachoonyeshwa huweza kuondolewa, na asiyekiondoa huweza kuulizwa. Neno "ajali" halikuwa na uwezo huo.

Basi historia hii yatoa hukumu moja. Serikali na mwajiri walikaa karibu au mbali kwa nyakati mbalimbali, na kila mara jambo lililoamua lilikuwa kama mfanyakazi alihesabiwa kuwa mshirika wa tatu au namba tu. Mapatano ya mwaka 1947 yalikwisha kumtaja. Mshauri amwambiaye mwajiri peke yake amefanya nusu ya kazi yake. Nusu ya pili yamngoja kibarua wa Yakobi, kwa lugha anayoielewa, kabla mashine haijawashwa.