Staringi Ni Nani, Adui Ni Nani?

Kabla simu hazijajaa muvi, Temeke ilikuwa na vibanda umiza: mabenchi, joto na tivii moja mbele. Humo ndimo walimotamba madijei watafsiri. Mtindo ulitokea Uganda, ukaingia Bongo, baadaye sauti zao zikarekodiwa kwenye kanda na DVD. Dijei hakutafsiri maneno tu. Alikuonyesha mapema staringi yupi, adui yupi, na pasipoeleweka alijazia mwenyewe. Ukitoka nje, huna swali.

Sasa njoo kwenye Us ya Jordan Peele, ya 2019. Inavunja sheria hiyo, na ndiyo maana wengine waliiona kali, wengine wakaiona upuuzi. Lupita Nyong'o, Mkenya, anacheza mama, halafu anacheza pia pacha wake wa ajabu aliyetoka chini ya ardhi kuja kuua familia. Mwisho unakuta walibadilishwa utotoni, 1986. Mama uliyemshangilia muvi nzima ndiye aliyetoka chini!

Ukitafuta staringi, utachanganyikiwa. Tafuta aliyeibiwa maisha, muvi inafunguka. Yule "adui" ni mtoto aliyefungiwa gizani, amerudi kudai chake.

Hapo dijei wa Temeke angemwita nani?