Bujuni: Vyama vya Kuzikana na Kusaidiana Karagwe na Kyerwa

Jina Mujuni ni la kawaida sana mkoani Kagera. Ukiuliza maana yake utaambiwa ni msaidizi, yule amwokoaye mwenzake katika shida. Katika mzizi huo huo, okujuna, ndimo linamotoka neno bujuni, ambalo katika vijiji vingi vya mkoa huu limekuwa jina la vyama vya kuzikana na kusaidiana. Historia ya huduma katika Karagwe na Kyerwa haiandikwi kwa haki ikiwa itaanzia kwenye zahanati, shule na misaada iliyotoka ng'ambo. Haina budi kuutaja pia mkutano wa majirani, daftari la mahudhurio na masufuria makubwa ya chama.

Vyama hivi havina mwaka mmoja wa kuzaliwa. Ng'ambo ya Mto Kagera, huko Ankole na Kigezi, ndugu zetu huviita engozi, yaani machela, na jina hilo linaeleza kazi yao ya kwanza. Kabla ya barabara na magari, mgonjwa alibebwa mabegani mwa watu kupanda na kushuka vilima. Wanaume wanne hawatoshi kwa safari ya kutwa nzima. Walihitajika wa kupokezana, na wa kupokezana hawapatikani usiku wa manane kama hawakupatana mapema. Mapatano hayo ndiyo chama. Aliyebebewa mgonjwa wake leo alijua kwamba kesho bega lake litadaiwa.

Utaratibu wake, kwa wasioujua, ni huu. Kaya za jirani huungana, huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kukutana kwa siku zilizowekwa. Kila kaya hutoa kiingilio na ada. Msiba unapotokea, wanaume huchimba kaburi. Wanawake huleta ndizi, maharage, kuni na maji, na kupika kwa ajili ya waombolezaji wanaokesha matangani. Fedha za chama hununua sanda na mbao za jeneza. Katibu huita majina. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini, na anayerudia kosa huweza kufutwa. Wageni wengine hushangaa kuona mahudhurio yakiitwa penye majonzi. Hawajaelewa kwamba ukali huo ndio uliomlinda fukara: hakuna aliyeweza kuja kwenye msiba wa mwenye ng'ombe na kukwepa wa asiye na kitu, maadamu wote wawili wamo daftarini.

Fedha ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye kahawa. Msimu wa mavuno ndio uliokuwa wakati wa kulipa madeni ya chama, na miezi ya ukame wa mifuko ndiyo iliyokuwa hatari. Mkulima aliyepatwa na msiba kabla ya mavuno alishawishika kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa, biashara ile inayoitwa butura, na mwaka uliofuata akaanza tena akiwa nyuma. Chama chenye akiba kilimwepusha na mlango huo. Pengine hiyo ndiyo huduma yake kubwa kuliko jeneza lenyewe, ingawa ni mara chache husemwa katika hotuba za mazishi.

Chama cha bujuni hakikuuliza dhehebu. Mlutheri, Mkatoliki, Mwanglikana na Mwislamu waliokaa mtaa mmoja walichimba kaburi pamoja. Haina maana kwamba Kanisa halikuwa na maswali. Kwa watu wa Uamsho, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, suala la rubisi matangani halikuwa dogo. Hata hivyo, Mkristo aliyejitenga na chama kwa sababu ya pombe ya jirani alijikuta akijitenga na machozi yake pia.

Jaribio kubwa lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitoka Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 uchunguzi ulionyesha kwamba katika mji wa Bukoba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Karagwe haikufikia kiwango hicho, lakini haikupona. Vyama vilivyozoea misiba michache kwa mwaka vilianza kuitwa mara kwa mara. Utafiti mkubwa wa kaya uliofanyika mkoani kati ya 1991 na 1994 ulibaini jambo la kuhuzunisha: familia zilizofiwa zilitumia fedha nyingi zaidi kwa mazishi kuliko zilizotumia kumtibu marehemu. Watu walilazimika kufupisha siku za matanga na kupunguza chakula. Wapo walioona kwamba ni kuivunjia heshima mila. Ukweli ni kwamba waliopunguza walikuwa wakiwaachia watoto yatima chakula kilichobaki shambani.

Hapo ndipo udhaifu wa bujuni ulipoonekana. Chama humsaidia mwanachama. Je, bibi aliyezika wanawe watatu na kubaki na wajukuu, asiye na nguvu ya kuchimba wala senti ya ada, ni mwanachama wa nani? Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alichunguza kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, chenye kaya 119, akimwuliza kila mtu angemtegemea nani wakati wa shida. Aligundua kwamba maskini wana watu wachache wa kuwategemea kuliko matajiri. Nyakatoke si Karagwe, lakini kila mwinjilisti aliyetembelea nyumba kwa nyumba huku kwetu anaifahamu habari hiyo bila takwimu. Kusaidiana kunakosimama juu ya kurudishiana humwacha nje asiye na cha kurudisha.

Kwa mtu huyo palihitajika mkono wa namna nyingine. Dayosisi ya Karagwe, iliyozaliwa mwaka 1979 kutoka Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, ilirithi kazi ya udiakonia pamoja na Hospitali ya Nyakahanga, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kama Hospitali Teule ya Wilaya. Sharikani, mikungu ya ndizi, kuku na mayai yaliyoletwa madhabahuni yalinadiwa nje baada ya ibada, na sehemu ya mapato kwenda kwa wahitaji. Tukubali pia kwamba mara nyingi aliyeombwa kuchangia jengo, kwaya na mkutano ni yule yule aliyekuwa akidaiwa ada ya chama, na daftari la Kanisa halikuwa na huruma kuliko la bujuni.

Mgeni kabisa naye alifika. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na Karagwe nayo ikapokea wakimbizi wake. Hawa hawakuwa katika daftari lolote. Mashirika yalileta mahema na unga. Wenyeji walitoa ardhi, kuni na maji, wakiona misitu yao ikiisha, hadi wakimbizi waliporudishwa Desemba 1996.

Baada ya hapo vyama vilibadilika sura. Utaratibu wa kuweka hisa na kukopeshana, uliotokana na vikundi vya wanawake wa Niger vya mwaka 1991, ulienea nchini kwa jina la VICOBA, na vikundi vingi vya mazishi vikaongeza sanduku la akiba lenye kufuli zaidi ya moja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikavitaka vikundi vya kifedha vijisajili. Kyerwa ilipokuwa wilaya kamili mwaka 2012, ofisi za Maendeleo ya Jamii zilisogea karibu, na katibu wa kikundi cha Murongo au Kaisho hakulazimika tena kusafiri hadi Kayanga. Machela nayo imepata mpinzani: siku hizi mgonjwa hupakiwa kwenye pikipiki, akiwa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia. Masufuria ya chama hukodishwa kwa harusi, na kodi yake huandikwa katika ukurasa wa nyuma wa daftari lile lile la misiba.