Doa la Seremala

Mnakumbuka Sherlock Holmes na Watson walikutana wapi mara ya kwanza? Si Baker Street. Ni maabara, katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London, Holmes akiwa na furaha ya mtoto: eti kagundua dawa inayoitambua damu, na kitu kingine chochote haikigusi. Riwaya hiyo, A Study in Scarlet, ilitoka 1887. Bila Holmes, sidhani kama tungempata Bwana Msa wetu na kiko chake.

Niliisoma nikiwa shuleni, nikaamini kesi zote zimekwisha. Kumbe bado. Kujua kwamba hii ni damu ni nusu ya kazi. Damu ya nani? Ya mtu, au ya kuku wa jana?

Mwaka 1898, karibu na Osnabrück, Ujerumani, wasichana wawili wadogo waliuawa kikatili. Seremala mmoja, Ludwig Tessnow, alikutwa na madoa nguoni. Rangi ya mbao, akasema. Sasa seremala mwenye rangi nguoni, nani atambishia? Akaachiwa. Julai 1901, kisiwani Rügen, wavulana wawili, ndugu wa tumbo moja, wakauawa vilevile. Tessnow tena. Madoa tena. Rangi ya mbao, tena. Na wiki chache kabla, kondoo wa kisiwani humo walikuwa wamekatwakatwa malishoni.

Safari hii aliwahiwa, kwa miezi michache tu. Februari mwaka huohuo, daktari Paul Uhlenhuth wa Greifswald alikuwa amechapisha njia yake. Alianza na mayai: ukimdunga sungura ute wa yai la kuku, mwili wake unatengeneza kingamwili dhidi ya protini za ute ule. Ukichanganya majimaji ya damu ya sungura huyo na ute wa kuku, yanafanya ukungu mweupe. Akajaribu kwa damu, ikakubali. Hata doa kavu, la siku nyingi, likiloweshwa kwenye maji ya chumvi. Akapelekewa nguo za Tessnow. Palikuwa na madoa ya rangi kweli, lakini pia palikuwa na damu ya kondoo, na damu ya binadamu. Mahakama ikamtia hatiani.

Siku hizi tunasema vinasaba vinamaliza kila kitu. Vinataja mtu, sawa, ila havisemi doa ni la nini. Kwenye shuka la mlalamikaji, mate ya mtu aliyesinzia hapo na shahawa zake vinatoa jina lilelile, na tofauti yake ni kifungo cha miaka mingi. Hapo ndipo protini zinaporudi kazini: amilasi kwa mate, PSA kwa shahawa.

Nazo zina mitego. Amilasi imo pia katika maziwa ya mama, na PSA kidogo imo humo pia, kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kumsingizia mtu. Ndiyo maana watafiti sasa wanapima protini kadhaa kwa mpigo: statherini ya mate, semenogelini ya shahawa, uromodulini ya mkojo.

Riwaya ya Kiswahili ambayo kesi yake inasimama au kuanguka kwa swali hilo sijakutana nayo. Kama unaijua, nitajie.