Sungusungu: Miaka Arobaini na Ushei ya Upinde na Filimbi

Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanavijiji nchini Tanzania, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpakani mwa Kahama na Nzega, pale Wasukuma na Wanyamwezi wanapopakana. Mwanzilishi anayetajwa zaidi ni Kishosha. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na bunduki zimezagaa. Madukani sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mwizi wa ng'ombe aliacha kunyata: alikuja na wenzake, na silaha, akaswaga zizi zima. Kituo cha polisi kilikuwa mbali, na kesi mahakamani ilipigwa kalenda mpaka mashahidi wakachoka.

Kanuni ya kwanza ilikuwa nyepesi kukariri: kila mwanamume mwenye nguvu awe na upinde, mishale na filimbi iliyotengenezwa kwa shingo ya kibuyu. Ukiniuliza mimi, filimbi ndiyo iliyokuwa silaha yenyewe. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imezikusanya nyumba pamoja, kwa hiyo mlio wa kaya moja uliamsha kijiji, na kijiji kikaamsha cha pili. Mwizi aliyedhani anakimbia watu walio nyuma yake alikuta wengine wamemtangulia. Upinde ulikuwa wa kumalizia: ule ule wa mababu, wenye upote uliokazwa, podo mgongoni, mishale yenye chembe za chuma, na mara nyingi sumu.

Kwenye upinde wa sungusungu hapakuwa na madaraja. Mwenye ng'ombe mia na asiye na hata mbuzi wote walitakiwa kuitika filimbi.

Uongozi ulirudisha cheo ambacho serikali ilikifuta kwa sheria mwaka 1963: mtemi. Chini yake walikuwapo katibu na makamanda. Adhabu ilikuwa faini ya ng'ombe, na kwa mkaidi, kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, na akienda kuomba moto kwa jirani anarudi mikono mitupu.

Upo ukurasa mweusi, na kuuruka ni kudanganya. Sungusungu wa mwanzo hawakuwinda wezi tu. Waliwinda na waliodhaniwa wachawi, wengi wao vikongwe. Watu walipigwa, wengine wakauawa. Polisi na mahakama waliwaandama sungusungu kwa mashtaka, huku viongozi wa chama tawala, CCM, wakiwatetea kuwa ni nguvu ya wananchi. Kwa miaka kadhaa serikali ikawa inawakamata kwa mkono mmoja na kuwapongeza kwa mwingine.

Mabadiliko makubwa ya kanuni yalikuja mwaka 1989. Marekebisho ya sheria za mgambo yaliwapa sungusungu uwezo wa kukamata sawa na konstebo wa polisi. Muda mfupi baadaye Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliwahimiza wakazi wa Dar es Salaam waunde sungusungu mitaani, ambako pinde hazikuwa na kazi. Shinyanga kwenyewe, mkoa wenye Kahama, taasisi ilipata jukumu jingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa ajili ya kiangazi. Kanuni zake zilipangwa na wananchi katika mikutano ya dagashida, na sungusungu wakawa walinzi wake. Hili naliona ndilo jema lao kuliko yote, ingawa halisimuliwi sana. Mbio za usiku zina utamu zaidi.

Ukanda wa dhahabu umewapa sungusungu mtihani mgumu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Wachimbaji wadogo wamemiminika kutoka kila kona ya nchi. Ng'ombe aliyeibwa anajulikana kwa rangi na alama, na kijiji kizima kinamjua mwenyewe. Dhahabu iliyopita kwenye karasha la kusagia mawe, mwaloni inakooshwa na kwenye zebaki haina alama, na aliyelala jirani na duara lako, yaani shimo unalochimba, huenda humjui hata kwa jina.

Kwa vijiji vinavyoendelea na sungusungu, sheria ya 1989 ilitoa mamlaka ya kukamata, haikutoa ya kuhukumu. Mkishamkamata mtu, mfikisheni polisi akiwa mzima.