Bata wa simenti, kroshe na minervali zetu



Mwezi wa 10 mwaka jana yaya wangu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Yeye anaishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, mji ambao Wakongo wamekuwa wengi hadi Kiswahili unakisikia kwenye maduka na kanisani. Kwenye picha kulikuwa bata wa simenti, mweupe, mdomo rangi ya machungwa, amesimama kwenye barza ya jirani. Alivaa kofia ndefu nyeusi ya mchawi na koti la zambarau. Yote kroshe.

Chini ya picha aliandika: "Weye njo ulisomaka histoire. Uniambie, hawa batu beko na akili? Na huyu mama anataka nimufanyie bata wake nguo ya Noeli. Atanilipa. Nilisomaka myaka tano Bukavu juu nikuye kuvalisha bata ya simenti?"

Nilicheka. Kisha nikasoma tena sentensi ya mwisho, nikaacha kucheka. Yaya ana lisansi ya uchumi. Kule anapanga makartoni usiku kwenye depo. Nilimwambia anipe muda, nitamjibu kama mtu wa historia. Jibu lenyewe limekuwa refu, basi nalileta hapa, juu najua swali si lake peke yake.

Tuanze na bata mwenyewe. Si huyu bata wetu mfupi wa kwenye matope. Ni bata bukini, mwenye shingo ndefu, yule Wafaransa wanamwita oie. Fundi anafunga kalibu, anamimina simenti, anangoja ikauke, anafungua, anapaka rangi. Mtindo wa kumweka mbele ya nyumba ulishika moto miaka ya 1980, zaidi katika majimbo ya kati ya Marekani: Ohio, Indiana, Kentucky na jirani zao. Miaka hiyo bata mweupe mwenye utepe wa buluu shingoni alikuwa kila mahali: kwenye mapazia ya jikoni, kwenye masahani, kwenye taulo. Ilikuwa picha ya maisha ya shamba, katika nyumba za watu ambao wengi wao hawakuwa tena na shamba. Baadaye mtindo ulipoa, bata wakaingia kwenye gereji. Miaka hii ya 2020 wamerudi, safari hii wakipita TikTok.

Na nguo? Nguo zinafuata kalenda. Tarehe 31 mwezi wa 10 ni Halloween, bata anakuwa mchawi. Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11 ni Thanksgiving, siku ambayo Bunge la Marekani liliipanga kwa sheria mwaka 1941. Bata anavaa kofia ya wahamiaji wa zamani. Mwezi wa 12 anavaa nyekundu na nyeupe. Tarehe 17 mwezi wa 3, siku ya Mtakatifu Patrick, anavaa kijani. Pasaka anapewa masikio ya sungura, tarehe 4 mwezi wa 7 rangi za bendera, na mvua ikianza, koti la njano. Jirani akipita anajua mwaka umefika wapi.

Hapo ndipo nilianza kumwambia yaya: polepole, hii kitu unaijua. Wewe ulikuwa kwaya. Padri anavaa zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Noeli na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani siku za kawaida. Na huko Prague kuna sanamu ndogo ya Mtoto Yesu, ambayo Polyxena wa Lobkowicz aliwapa Wakarmeli mwaka 1628. Mpaka leo inabadilishwa nguo kufuatana na majira ya liturjia. Malkia Maria Theresa aliitolea kanzu katika karne ya 18. Hakuna aliyemwuliza malkia kama yuko na akili.

Ukitaka karibu zaidi na sisi, nenda Brussels. Yule mtoto wa shaba anayekojoa, Manneken Pis, alitengenezwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619. Mwaka 1698 mtawala Maximilian Emanuel wa Bavaria alimpa nguo. Mwaka 1747 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa suti ya kifahari baada ya askari wake kumwiba, na suti hiyo ingali inatunzwa. Leo mtoto huyo ana mavazi zaidi ya 1,000, na tangu 2017 mavazi hayo yana musée yao.

Hapa ninaomba mtulie kidogo. Nchi hiyohiyo iliyompa sanamu ya shaba kabati la nguo ndiyo iliyotutawala. Minkisi ya Bakongo, nazo ni sanamu zilizofungwa vitambaa, kamba na ngozi na watu wenye maana yao, wamisionari wengi waliziita ushenzi. Nyingine zilichomwa, nyingine zilisafirishwa, na leo utazikuta nyuma ya kioo Tervuren. Basi shida haikuwa kuvalisha sanamu. Shida ilikuwa nani anavalisha. Mwenye nguvu akifanya, ni utamaduni. Mnyonge akifanya, ni upumbavu. Yaya, ulipouliza kama wale watu wako na akili, ulikuwa unatumia kipimo kilekile.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe, kroshe. Uzi mmoja, sindano moja yenye ndoano, basi. Unatengeneza mnyororo wa vitanzi, unarudi juu yake, kitanzi kinavuta kitanzi. Mashine za kufuma sweta zipo tangu zamani, lakini kroshe ya kweli bado inatoka mkononi mwa mtu. Kila ukiona kipande cha kroshe, kuna mtu alikaa masaa.

Na masaa hayo yameshalisha watu. Njaa kubwa ilipoanza Ireland mwaka 1845, viazi vikaoza ardhini, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine wengi wakapanda meli. Katika miaka hiyo masista na wanawake wengine waliwafundisha wasichana kroshe ili wauze lasi. Cork ikawa kituo kimoja. Kule Clones, mke wa mchungaji aitwaye Cassandra Hand alianzisha kazi hiyo mwaka 1847. Lasi ile ilivaliwa na matajiri, na pesa yake ilinunua unga wa maskini. Mahali fulani, nyumba ilibaki imesimama juu ya sindano ya mtoto wa kike.

Kwetu kroshe ilikuja kwa mlango mwingine. Ilipita kwa masista wa misheni, na kwa nyumba zile za wakoloni zilizoitwa foyers sociaux, zilizozidi kuenea baada ya vita ya pili. Huko wake za makarani na wafanyakazi walifundishwa kushona, kufuma, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Tusidanganyane: mpango ule haukuwa wa kumfungulia mwanamke dunia. Ulikuwa wa kumfanya mke msafi wa mume aliyesoma kidogo. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, lakini uhuru ulifika mwaka 1960 bila mwanamke Mkongo hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyemaliza Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri. Msichana wa wakati ule aliyetaka kalamu, mara nyingi alipewa sindano.

Lakini historia haiishii kwa yule aliyetoa. Inaendelea kwa yule aliyepokea. Bibi yetu alijifunza kroshe kwa masista, akamfundisha mama. Mama hakuifanya ili awe mke msafi. Alifanya vitambaa vya viti, vya meza, vya kufunika televisheni, kofia za watoto wachanga, na aliviuza kwa wenye harusi na wenye kuzaa. Miaka ambayo mshahara wa baba haukuonekana, mwanzoni mwa muhula tulikuwa tunahesabu vitambaa vilivyobaki kitandani. Kimoja kikienda, tulijua ni minervali ya nani. Yaya ndiye alikuwa anashika uzi usijisokote. Mimi nilikuwa nasoma kwa mwanga uleule wa taa.

Nilipomwandikia hayo, alikaa kimya siku mbili. Kisha alijibu: "Sawa. Lakini mama alikuwa anatulisha. Mimi navalisha bata."

Ana haki. Sitaki kumpamba kwa maneno. Diploma yake kufungwa kwenye valizi ni hasara, na lasi haiwezi kuifuta hasara hiyo. Mtu aliyesomea uchumi anapaswa kufanya uchumi. Nilichompinga ni jambo moja tu: aibu. Aibu inasema kazi ya mkono ni adhabu ya aliyeshindwa kusoma. Kwetu nyumbani kazi ya mkono ndiyo ilimsomesha huyo msomi. Kama yeye ameanguka kwa kushika sindano, basi mama alikuwa chini maisha yake yote, na hilo yaya hawezi kulisema.

Alifanya ile nguo. Alinieleza shida zake kama mtu wa ufundi: bata wa simenti hanyanyui mabawa, kichwa ni kipana kuliko shingo, basi nguo lazima ifunguke mgongoni na kufungwa kwa vifungo. Pamba inanyonya mvua na kulegea, kwa hiyo alichukua uzi wa akriliki. Kabla ya kuanza alihesabu masaa, uzi na usafiri, akaweka bei, na jirani alipotaka kupunguza alikataa. Hapo nikaona uchumi wake haukubaki wote kwenye valizi.

Picha ya Noeli ilifika. Bata amevaa nyekundu, ukingo mweupe. Chini ya ukingo nililiona lile ua la mama, la majani sita, lililokuwa kwenye viti vyetu. Nilimwonyesha mama. Aliangalia muda mrefu, akasema kitanzi kimoja upande wa kushoto kimelegea, amwambie yaya arudilie.

Bado anatafuta usawazisho wa diploma yake. Mkiwa na mtu mnayemjua Kentucky aliyepita njia hiyo, andikeni hapa chini.

Na ombi moja. Leo jioni mwulize mama, shangazi au bibi: nani alikufundisha kroshe, wapi, mwaka gani, na uliuza nini ya kwanza? Andika jibu pamoja na tarehe. Watu hao wanazeeka, na hakuna mtu anayewawekea musée.