Mzigo wa Mhamaji: Historia ya Mtumiaji wa Kompyuta ya Mezani katika Jamii ya Mifumo Endeshi ya Unix

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kihistoria hali ya mtumiaji wa kompyuta ya mezani anayehama kutoka mfumo endeshi mmoja wa jamii ya Unix kwenda mwingine, hasa kati ya Linux na FreeBSD. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa kuhama hautokani na udugu wa mifumo hiyo, bali na makubaliano ya wazi yaliyofikiwa juu yake. Mzigo wa mhamaji umegawanywa katika sehemu tatu: hati, mazoea na lugha. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo yanayohusu sera ya uswahilishaji wa programu.

1.0 Utangulizi

Taasisi zinapojadili programu huria, mara nyingi huuliza swali moja: tuchague mfumo upi? Swali hilo huchukulia kwamba uchaguzi hufanywa mara moja tu. Historia inaonyesha vinginevyo. Kampuni ya Sun ilitoa mfumo wa OpenSolaris mwaka 2008. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle, na mwaka huohuo uendelezaji wa OpenSolaris hadharani ukasitishwa. Mtumiaji aliyekuwa ameuweka mfumo huo mezani pake hakuwa na kosa lolote, lakini ilimbidi atafute pengine pa kwenda. Kwa hiyo, swali linalostahili kutangulia ni hili: siku ya kuhama itakapofika, mtumiaji ataondoka na nini?

2.0 Udugu na Mipaka Yake

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 iliandikwa upya kwa lugha ya C, hatua iliyorahisisha kuihamishia katika mashine za aina nyingine. Kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilichipuka tawi la BSD, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1978. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi jijini Helsinki, alitoa kiini cha Linux. Na mwaka 1993 mradi wa FreeBSD ukaanzishwa kutokana na tawi la Berkeley.

Udugu huo haukuzuia ugomvi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni zilizouza Unix ziligawanyika katika kambi mbili, na kila kambi ilikuwa na sura yake ya madirisha na vitufe. Suluhu ilikuja kwa vipande. Kiwango cha POSIX, kilichochapishwa mwaka 1988, kilianza kwa kusawazisha namna programu zinavyoomba huduma za mfumo. Baadaye kikapanuliwa kuhusu amri zinazoandikwa na mtumiaji. Mwaka 1993 kampuni kubwa, zikiwemo HP, IBM na Sun, zilikubaliana kuandaa eneo-kazi moja la pamoja, lililoitwa CDE. POSIX yenyewe haikugusa madirisha, menyu wala vitufe. Ndiyo maana mtumiaji wa mezani, tofauti na msimamizi wa seva, aliendelea kukutana na ugeni hata ndani ya ukoo mmoja.

3.0 Hati

Hati ndizo zilizopata njia iliyo wazi kuliko mizigo mingine. Muundo wa ODF uliidhinishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, kisha ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Faili iliyoandikwa kwa muundo huo katika Linux hufunguliwa katika FreeBSD na programu ileile, kwa kuwa OpenOffice na baadaye LibreOffice zilitengenezwa ziweze kutumika katika mifumo yote miwili. Hapa mhamaji hadai chochote kwa waundaji wa mfumo anaouacha. Anachohitaji ni kunakili folda zake.

4.0 Mazoea

Mazoea huhama nusunusu. Anayetoka katika mkusanyo wa Linux uliopangwa kwa matumizi ya mezani, kama vile Ubuntu, amezoea kuwasha kompyuta na kukuta eneo-kazi limekwisha kuandaliwa. FreeBSD kwa kawaida ilimpokea kwa skrini ya maandishi matupu. Eneo-kazi ilibidi aliweke mwenyewe. Akishaliweka, tuseme KDE, menyu zinakuwa zilezile alizozijua, na huenda akadhani safari imekwisha.

Ugeni hujitokeza anapotumia amri. Faili za amri alizojiandikia katika Linux mara nyingi huanza kwa kuitaja programu ya bash katika njia ya /bin/bash. FreeBSD haiji na bash. Ikiongezwa, hukaa chini ya /usr/local, kwa sababu mfumo huo hutenganisha sehemu zake za msingi na programu zinazoongezwa. Faili iliyofanya kazi jana inakataa leo, ingawa hakuna hata neno moja lililobadilika ndani yake. POSIX inaitambua sh, haiitambui bash. Aliyejifunza kilichomo katika kiwango alihama nacho. Aliyejifunza desturi za mkusanyo mmoja aliacha sehemu ya ujuzi wake nyuma.

Ugumu wa pili ni vifaa. Programu zinazoendesha vifaa huandikwa kwa kufuata kiini husika, hivyo kifaa cha mtandao kinachotambuliwa na Linux huenda kisitambuliwe na FreeBSD. Hapa udugu wa mifumo haumsaidii mtumiaji.

Ikumbukwe pia kwamba mtu anaweza kuhamishwa bila kuondoka. Ubuntu iliweka Unity kuwa eneo-kazi lake la kawaida mwaka 2011, kisha mwaka 2017 ikarejea GNOME. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Lakini mtumiaji alilazimika kujifunza upya mara mbili.

5.0 Lugha

Mzigo wa tatu hutajwa kwa nadra katika mijadala ya kiufundi, ilhali kwetu ndio wenye uzito zaidi. Programu nyingi huria huweka maneno yanayoonekana kwenye skrini katika faili zilizotengwa na msimbo. Mfasiri hutafsiri faili hizo mara moja, na tafsiri yake huifuata programu katika kila mfumo inakotumika. Kinyume chake, maneno ya kiolesura cha mkusanyo mmoja hubaki huko. Tafsiri ya maneno yaliyokuwa ya Unity pekee haikuwa na kazi katika GNOME.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam unatoa funzo hapa. Mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ya ofisi, pamoja na kazi ya kuandaa istilahi. Ingawa jina la mradi liliitaja Linux, tunda lake kuu liliwekwa katika programu isiyofungwa na kiini kimoja. LibreOffice ilipoanzishwa mwaka 2010, ilijengwa juu ya msimbo wa OpenOffice, na Kiswahili kikaendelea kuwa na nafasi yake humo. Hata hivyo, nafasi pekee haitoshi. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na tafsiri isiyo na watunzaji hujaa mapengo ya Kiingereza.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba asili moja haikutosha kumlinda mtumiaji. Kilichomlinda ni makubaliano yaliyoandikwa na kuachwa wazi kwa wote. Kwa wanaoshauri kuhusu sera, mambo matatu yanafuata. Kwanza, hati za umma zihifadhiwe katika miundo ya wazi kabla ya mjadala wa mfumo upi ununuliwe au upakuliwe. Pili, mafunzo yafundishe yaliyomo katika viwango vya pamoja, kisha yaeleze desturi za mkusanyo unaotumika. Tatu, fedha za uswahilishaji zielekezwe katika miradi asilia ya programu na zitengewe utunzaji wa kila toleo, badala ya kuishia katika mkusanyo wa taasisi moja. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na matumizi yake ofisini yanahitaji programu zinazokisema. Kazi hiyo ikiwekwa mahali panapohamika, nchi jirani hazitalazimika kuirudia kila zinapobadili mfumo.