Hurricane Haikuwa na Haki Yoyote

Ubishi wa wachezaji wa War Thunder hauishi: ndege ipi imeonewa, ipi imependelewa? Kila ndege kwenye gemu hilo ina alama yake, na unapangwa na watu ambao alama zao zinakaribiana na zako. Wachezaji wakishinda sana na ndege fulani, alama yake inapandishwa ikutane na wababe wenzake. Hapo ndipo anajitokeza mtu na vitabu vyake, ati kihistoria haikuwa hivyo.

Sisi wa Garsen tuna haki ya kuingilia maneno haya. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani ikiwa imeshika Somalia na Ethiopia, na Waingereza wakautegemea Mto Tana kama kizuizi. Oktoba mwaka huo mabomu ya Waitaliano yaliangukia Malindi, hapo tu kusini mwetu.

Angani kulikuwa na Caproni Ca.133, ndege ya mabomu yenye injini tatu, kilomita kama 265 kwa saa ikijikaza kabisa. Ilikuwa imetamba Ethiopia mwaka 1935 na 1936, ambako karibu hapakuwa na ndege ya kuizuia. Sasa Waafrika Kusini wakaja na Hawker Hurricane: zaidi ya kilomita 500 kwa saa, bunduki nane za rashasha. Tarehe 3 Februari 1941, kule kusini mwa Somalia, rubani John Frost alizidungua Caproni tatu, pamoja na Fiat CR.42 iliyokuwa ikizisindikiza. Siku moja! Kwenye gemu watu wangepiga kelele hadi Hurricane ishushwe makali.

Hiyo CR.42, ya mabawa ya ghorofa mbili, mimi naipenda. Inakata kona kwa ufupi sana, na Hurricane ikikubali kuzungushana nayo inaaibika. Mwenye Hurricane anatakiwa ashuke kwa kasi, apige, aondoke. Hilo gemu limelipata vizuri, hasa ukicheza ile hali ya simuleta ambapo unaona ukiwa ndani ya chumba cha rubani tu. (Intaneti ya huku ikikwama nusu sekunde, umekwisha, alama au hakuna alama.)

Ila ukianguka unabofya, unapata nyingine. Waitaliano walikuwa wamefungiwa njia ya Suez. CR.42 zao nyingine zilifunguliwa vipandevipande, zikapakiwa ndani ya tumbo la ndege kubwa ya SM.82, zikavushwa jangwa lote hadi huku. Vipuri vilikuwa shida. Hakuna alama inayopima hilo, na ikipimwa hakuna atakayekubali kucheza upande wa Italia.

Tena ramani za gemu hazina watu chini. Askari wa King's African Rifles walikuwa kwenye ule msafara uliotoka upande wa Tana, vumbi na kiu hadi Somalia. Kismayu iliingia mikononi mwao tarehe 14 Februari, siku kumi na moja baada ya Frost na zile ndege zake nne.